Gia Moja, Watu Wawili

Tusidanganyane, wapenzi wasomaji. Nyumba nyingi za wanandoa vijana zina ugomvi mmoja ambao haupelekwi kwa wazee wala kwa mshenga, kwa sababu hata kuusimulia ni aibu. Ni ugomvi wa vitu. Bibie anataka mashine ya kufulia, bwana anataka spika za kutikisa mtaa. Bibie anataka pazia, bwana anataka rimu za gari. Pesa ni ile ile, mwisho wa mwezi ni ule ule, na kila mmoja anaona kitu cha mwenzake ni anasa. Kwetu ugomvi ulikuwa wa gia. Tena si gia ya gari, ni gia ya gemu.

Sisi tunaishi Mapinga. Ukitoka Dar kwa barabara ya Bagamoyo unapita Tegeta, Boko na Bunju, unavuka Mto Mpiji, na hapo umeshaingia Mkoa wa Pwani. Nyumba yetu ni zile mnazozijua: tumehamia kabla haijaisha. Milango ipo, dari bado. Sebuleni kuna kochi, televisheni, baiskeli ya mtoto, na kwenye kona kuna meza yenye usukani.

Usukani huo ni Logitech G29. Mume wangu aliununua tukiwa bado wachumba, kwa hiyo niliukuta, kama watu wanavyomkuta mama mkwe. Unabanwa kwenye meza, una pedeli tatu chini, unaunganishwa na PlayStation. Akirudi kazini, baada ya foleni ya kutoka mjini hadi Bunju, anakaa kwenye usukani wa pili ili apumzike na ule wa kwanza. Wanaume, jamani! Ila niseme ukweli, na mimi nacheza. Kuna siku namshinda, na siku hiyo chai ya usiku anachemsha yeye.

Basi jioni moja akaniambia, "Mama, setapu yetu imebakiza kitu kimoja tu. Gia."

Nikamuuliza, "Kwani gari si linabadilisha lenyewe?"

Akajibu, "Ndiyo maana."

Kazi yangu ni kuhariri. Sentensi nisiyoielewa naizungushia duara, naiacha, halafu nairudia. Ile "ndiyo maana" niliizungushia duara.

Kwanza zijue zenyewe

Kama mwenzako anazungumzia gia na wewe unaitikia tu "mh", hebu tuelewane kidogo. Gia za gemu ziko za aina tatu, na kila aina inatokana na gari la kweli.

Ya kwanza ni vibao viwili vilivyo nyuma ya usukani. Unabonyeza cha kulia kupanda gia, cha kushoto kushuka. Mikono haitoki kwenye usukani hata sekunde moja. Mambo haya yalianzia kwenye Formula One, pale Ferrari walipoingiza gia za aina hiyo mashindanoni mwaka 1989, na Nigel Mansell akashinda nalo gari hilo mbio za kwanza za msimu, kule Brazil. Habari njema kwa wenye mfuko mwembamba: vibao hivi vinakuja na usukani wenyewe. Kama mapenzi yenu ni magari ya kisasa ya mbio, hamna haja ya kununua kitu kingine. Fungeni gazeti, mkale.

Ya pili naiita sukuma-vuta. Ni fimbo moja inayokwenda mbele na nyuma tu, gia zinafuatana kama ngazi, huwezi kuruka kutoka ya pili kwenda ya tano. Hii ndiyo ya watu wa rally. Magari ya daraja la juu ya Mashindano ya Dunia ya Rally, tangu kanuni za mwaka 2022, yana gia tano za kusukuma na kuvuta kwa mkono. Safari Rally ya Kenya iliondoka kwenye kalenda ya dunia baada ya mwaka 2002, ikarudi mwaka 2021 kule Naivasha, na leo imo ndani ya gemu. Ukicheza EA Sports WRC ya mwaka 2023 unaweza kula vumbi la Kenya ukiwa na kikombe cha chai pembeni.

Ya tatu ni ile ya baba zetu, yenye njia za herufi H. Moja juu, mbili chini, tatu juu, nne chini, na kuendelea. Hii haina maana bila klachi. Ndiyo ya magari ya zamani, malori, pikapu, na daladala lililokupeleka shule.

Kwa wale wanaodhani rally ni mambo ya majirani zetu, naomba niwakumbushe kitu. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953 ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Na mwaka 1966, kisha tena 1967, mshindi alikuwa Bert Shankland, dereva wa kutoka Tanzania, akiwa na Peugeot 404. Gari lile kwa kawaida lilitoka kiwandani na mkono wa gia kwenye shina la usukani. Wazee wetu walibadilisha gia hapo hapo chini ya kidole. Sisi watoto wa IST na Vitz tunaweka kwenye D, tunaendelea kuongea na simu. (Msiongee na simu, jamani, ni mfano tu.)

Swali ambalo muuzaji haulizi

Ukiingia dukani, muuzaji atakuuliza una koni gani na una bei gani. Hatakuuliza unataka gia ya nini. Hilo swali ni la nyumbani, na sisi jibu lake tulilipata barabarani.

Baba yangu anaishi Bagamoyo mjini. Ni mstaafu, ana goti bovu na pikapu ya zamani, Hilux ya gia za mkono, ambayo anaipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Jumapili moja tulikwenda kumsalimia. Tulikula wali wa nazi na samaki, tukapumzika barazani. Jua likasogea, likaifikia pikapu. Baba akamnyooshea mume wangu funguo. "Mkwe, hebu nisogezee hiyo gari kivulini."

Mume wangu akazipokea zile funguo kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga wa jirani. Akaziangalia. Kisha akasema, kwa adabu zote, kwamba mguu unamuuma.

Baba hakusema kitu. Akachukua funguo zake, akainuka kwa kushika nguzo, akaenda kuisogeza mwenyewe, taratibu, na goti lake.

Wakati wa kurudi tulipita Kiromo kimya. Tukapita Zinga kimya. Mtoto kalala nyuma. Tulipokaribia Kerege nikamuuliza, "Baba, ile gia unayoitaka ni ya rally au ni ya pikapu ya mzee?"

Akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka.

"Nina miaka kumi na leseni," akasema. "Miaka kumi, mama. Na naogopa gari la mkwe wangu. Siku mzee akizidiwa usiku, na ile ndiyo gari iliyopo pale nyumbani, nani ataiwasha? Na nitamwambiaje mzee kama yule anifundishe? Nianzie wapi?"

Wanawake wenzangu, hapo ndipo nilipoielewa "ndiyo maana". Nami pia nilijifunzia gari la oto. Kwa hiyo swali la nani ataiwasha lilikuwa la kwetu wote wawili, na jibu kwa wakati ule lilikuwa hakuna.

Pia nilielewa kwa nini mwanaume anaweza kusema "nataka kitu cha gemu" wakati anachotaka ni heshima mbele ya mkwewe. Kusema la kwanza ni rahisi. Atachekwa kidogo, basi. La pili linakaa kooni.

Mkono wa kushoto na upepo wa bahari

Baada ya mazungumzo yale kuchagua kukawa rahisi ajabu. Vibao vya usukani, hapana. Sukuma-vuta, hapana. Tulitaka herufi H, pamoja na klachi. Na hapa nawapa la kwanza la kuzingatia: angalia pedeli zako. Kuna usukani unauzwa na pedeli mbili tu, za mafuta na breki. Ukinunua gia ya H juu ya pedeli mbili, umenunua pambo. G29 ina tatu, tukawa salama.

La pili ni upande. Picha nyingi za matangazo zinaonyesha gia ikiwa kulia kwa mchezaji, maana wanaotengeneza wanawafikiria watu wa Marekani na Ulaya bara, wanaokaa kushoto mwa gari. Sisi usukani wetu uko kulia, gia tunaishika kwa mkono wa kushoto. Mpangilio wa namba haubadiliki: gia ya kwanza inakuwa mbali na wewe, ya tano na ya sita zinakuja karibu na paja lako. Ukizoea kwa mkono wa kulia nyumbani, mkono wako wa kushoto utabaki mjinga ukiingia barabarani. Kwa hiyo hakikisha gia yako inaweza kubanwa upande wa kushoto wa meza, na waya wake unafika.

La tatu ni urefu. Gia ya gari iko chini, karibu na kiti. Ukiibana juu ya meza mkono unaning'inia kama wa mtu anayesimamisha bodaboda. Fundi mbao wa jirani alitupigia ubao mnene pembeni ya meza, chini kidogo ya usukani. Ukiwa mwembamba unacheza, na ukicheza gia inakosa njia.

La nne ni sisi watu wa pwani wenyewe. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi haina adabu. Anayeishi Bagamoyo anajua bati linavyokula kutu na feni inavyoanza kulia. Vifaa vya gemu navyo vinaumwa. Gia ya Logitech, ile Driving Force Shifter, inasoma mkono wako kwa vipande vinavyosuguana ndani, na baada ya muda vipande hivyo vinachafuka, unaweka ya tatu inakuja ya tano. Thrustmaster wana TH8A, ya chuma, inayosoma kwa sumaku bila kusuguana. Ina gia saba na rivasi, na unaweza kuigeuza kutoka H kuwa sukuma-vuta. Ni mashine ya kazi. Ila bei yake ni ya juu zaidi, na si kila gia inaelewana na kila usukani kwenye kila koni, kwa hiyo uliza kabla hujatoa pesa.

Ya Logitech ina gia sita, na rivasi yake unaipata kwa kubonyeza mkono wa gia chini kwanza. Sukuma-vuta haina. Lakini inachomekwa moja kwa moja kwenye G29, hakuna maneno mengi. Tukaichagua hiyo. Dawa ya chumvi na vumbi ni ya bibi zetu: tukimaliza kucheza tunaifunika kanga.

Na pesa ya dari?

Hapo sasa. Tulikuwa na fungu la dari, na mume wangu alikuwa amelichungulia. Nikamwambia dari haiguswi, mbu wa Mapinga hawajui mambo ya rally. Hakubisha.

Sisi tuna utaratibu ambao nauombea kila nyumba iupate. Kitu cha mmoja kinatoka kwenye mfuko wa mmoja. Kitu cha wote kinachangiwa. Zamani kila tukifika kwenye vitu vya gemu tulikuwa tunakwama, kwa sababu yeye anasema "tunacheza wote" na mimi nasema "wewe unacheza saa tatu, mimi nusu saa". Safari hii nilikuwa wa kwanza kusema ni cha wote. Nusu yake, nusu yangu, miezi miwili, bila kukopa.

Tulitafuta iliyotumika. Ya kwanza tuliyoletewa ilikuwa inang'aa kama mpya, lakini rivasi haikuingia hata tuibembeleze. Muuzaji akasema itakaa sawa ikizoea. Tukamuaga. Ya pili ilikuwa na mikwaruzo, ila kila gia iliingia na televisheni ikakubali. Ndiyo tuliyobeba. Wewe pia usilipe kabla hujaichomeka na kupita njia zote, mara kumi, haraka na taratibu. Mng'ao hauingizi gia.

Kinachofundishwa na kisichofundishwa

Msije mkasema gazeti limewadanganya, kwa hiyo nasema wazi: gemu halimfanyi mtu kuwa dereva.

Linachofundisha ni mfuatano. Mguu wa kushoto chini, mkono unatembea, mguu unainuka, mafuta. Wiki ya kwanza mume wangu alikuwa anaangalia gia kila anapobadilisha, na kila anapoangalia tunaingia ukutani. Wiki ya tatu macho yakabaki mbele. Mkono ulishajua ya tatu inakaa wapi. Mimi nilichelewa kidogo, lakini nilipofika nilifika.

Kisichofundishwa ni klachi yenyewe. Pedeli ya gemu ina springi tu. Haikwambii ni wapi gari linaanza kuvuta, haitetemeki chini ya unyayo. Na kwenye magemu mengi ya mbio, ukikosea gari halizimiki. Ile aibu ya kuzima katikati ya barabara huku nyuma wanapiga honi, hiyo hainunuliwi dukani. Breki ya mkono kwenye mlima nayo hivyo hivyo.

Kwa hiyo gia ilitufikisha mahali fulani, ikatuachia hapo. Hatua iliyobaki ilikuwa ya mdomo. Siku moja mume wangu akaenda Bagamoyo peke yake, bila mimi, bila mtoto, na kilo mbili za sukari. Alichomwambia mzee sikukisikia. Najua tu kwamba baba alinipigia simu jioni, akaniuliza, "Kumbe huyu hajui gia? Mbona hakusema siku ile?" Sauti yake haikuwa ya kucheka.

Jumamosi iliyofuata, alfajiri, walikuwa kwenye uwanja wa wazi upande wa kwenda Kaole. Gari lilizimika mara nyingi, mume wangu mwenyewe anasema aliacha kuhesabu. Mkono haukumsumbua hata kidogo. Mguu ndio uliokuwa unaanza darasa la kwanza. Baba alikuwa anamwambia neno moja tu: "Isikilize injini, mwanangu. Isikilize kwanza." Wasomaji wa pwani mmelisikia hilo. Miaka yote ile alikuwa "mkwe". Siku ile akawa "mwanangu".

Mimi zamu yangu ilifuata. Baba alikuwa mkali kwangu kuliko kwake, kama ilivyo kawaida ya baba na binti.

Kabla hamjatoa pesa

Sasa, mpenzi msomaji, labda kwenu si gia. Labda ni kamera, cherehani, gitaa, au friji lenye milango miwili. Kanuni naona ni zile zile. Kaeni chini, bila simu, bila televisheni, mkaulizane mambo matatu.

Kitu hiki ni cha kazi gani hasa? Si ile ya kwenye tangazo, ni ile ya kwenye maisha yenu. Anayependa Formula One hahitaji herufi H, na anayetaka kuendesha lori la babu yake asinunue vibao vya usukani.

Je, kitakaa wapi na kitapiga kelele saa ngapi? Gia ya gemu inalia klaki, klaki, na saa sita usiku kwenye nyumba isiyo na dari sauti hiyo inafika hadi kwa kuku. Sisi mwisho saa nne.

Na je, kuna jambo mwenzangu anashindwa kulisema, akaamua kulitafutia jina la kitu? Hili uliza kwa upole, na usiulize mbele za watu. Ukipata jibu, usilifanyie utani hata kama linachekesha.

Dari tumeshapiga vyumba viwili, sebule itafuata Mungu akipenda. Gia iko pale pale, imefunikwa kanga yake. Na rekodi ya nyumba kwenye vumbi la Kenya, kwa taarifa yenu, ni ya mama mwenye nyumba.